Difu Nayo Hupumua

Leo nimeingia studio na kipande cha mpira. Hukioni, najua, na mtangazaji aliyeko upande wa pili wa kioo ananitazama kana kwamba nimeokota takataka njiani. Ni mpira mwembamba, unene wa kidole kidogo, urefu kama mita moja na nusu, ule ule unaouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa kupitishia dizeli. Nauweka hapa mezani. Tutaufikia.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta hapa Arusha, nyuma ya Land Cruiser moja. Gari zuri, nisiwe mchoyo wa sifa. Ni ya ule mfululizo wa 70 ambao Toyota walianza kuutoa mwaka 1984, na umbo lake halijabadilika sana mpaka leo. Mbele ina bampa la chuma na winchi. Juu ina keria, na kwenye keria taa sita. Ubavuni imefungiwa jeki ndefu, nyekundu, haijawahi kugusa udongo. Na mkonga, bila shaka, mweusi, umepanda pembeni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa; ule uliolipatia gari lenyewe jina, maana mitaani ukisema "mkonga" hakuna anayemfikiria tembo.

Mwenyewe akashuka. Kijana wa miaka thelathini hivi, ana adabu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzigo huu unaelekea wapi?"

"Ijumaa ijayo nakwenda Natron, mimi na mke wangu na shemeji zangu wawili. Gari nimelitengeneza miezi minne, sasa liko tayari."

Nikachuchumaa. Ni tabia mbaya ya sisi tuliozeekea chini ya magari, hatujui kulisalimia gari usoni. Nikachungulia nyuma ya tairi la mbele la kushoto. Pale ekseli inapokutana na gurudumu pana chuma cha mviringo, kama kichwa cha mfupa wa paja, ndicho kinachoruhusu gurudumu kukata kona. Kinatakiwa kiwe na utando tu wa grisi. Chake kilikuwa kimelowa chepechepe, grisi na oili vimechanganyika na kuchuruzika hadi ndani ya rimu. Nikamuuliza difu ya mbele alibadilisha oili lini. Akanitazama.

"Kumbe difu ya mbele nayo inabadilishwa oili?"

Miezi minne, taa sita.

Simcheki. Wengi wetu tumelijua gari la porini kwa picha. Mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy yalikatiza Tanzania hadi Burundi, na zile Land Rover Discovery za njano, zenye mikonga na keria zilizosheheni, nadhani ziliacha kitu vichwani mwa watu wa rika langu. Tulichokiona ni vifaa. Hatukuwaona mafundi wakilala chali usiku na tochi mdomoni wakikaza nati, maana hilo halipendezi kwenye picha. Basi mtu akipata fedha leo huanza na kinachoonekana kutoka barabarani. Mimi naona gari la porini huandaliwa kutoka chini kwenda juu, na ukifika usawa wa dirisha fedha ikiwa imekwisha, hujakosa kitu kikubwa.

Sasa nirudi kwenye mpira wangu. Difu, msikilizaji, ni chungu cha chuma chenye meno na oili, na juu ya oili pana hewa. Ukitembea kilomita mia kwenye barabara mbovu, chungu kile kinapata moto wa kuunguza mkono. Hewa ikipata moto inatanuka, inatafuta pa kutokea, na waliolitengeneza gari wakaweka kitundu juu ya ekseli chenye kifuniko kidogo. Mafundi wanakiita briza. Difu inapumua kwa hapo. Sasa wewe, na difu yako ya moto, unaingia mtoni. Chuma kinapoa ghafla. Hewa ya ndani inasinyaa, inavuta pumzi. Na pale inapovuta hapana hewa tena, ni maji. Kama briza haijaziba inavuta maji kwa briza. Kama imeziba kwa matope, na nyingi zimeziba, inavuta maji kwenye sili. Unatoka mtoni unapiga picha, unaendelea na safari yako, na ndani ya difu oili imeanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Haikuambii siku hiyo. Itakuambia baada ya mwezi, kwa mlio, tena ukiwa mbali na gereji, kwa kuwa ndivyo vyuma vilivyo.

Dawa yake ndiyo hii iliyo mezani. Unatoa kile kifuniko, unachomeka mpira, unaupandisha hadi ndani ya boneti, juu kabisa, unaufunga vizuri usiguse ekzosi. Difu ya nyuma hivyo hivyo, na gia boksi hivyo hivyo kama lako halikuja na mipira hiyo toka kiwandani. Gharama yake haifiki taa moja ya kwenye keria. Na ukishavuka maji yaliyofika katikati ya magurudumu, jioni yake fungua nati ya chini ya difu polepole, robo mzunguko tu. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Halafu chukua bomba la grisi upige nipo zote za propela mpaka grisi mpya itokeze na kusukuma ile iliyolowa.

Na mkonga? Mkonga ni kitu kizuri, nisieleweke vibaya. Lakini kazi yake ya kila siku ni vumbi. Juu ya paa hewa ni safi kuliko pale nyuma ya taa ya mbele, na gari linalotembea kwenye msafara linajua tofauti hiyo. Kwa upande wa maji, mkonga hauna maana kama njia nzima kutoka mdomoni hadi kwenye injini haijazibwa. Nimeona mikonga mingi iliyofungwa kwa skrubu nne na hamna kitu ndani, bomba linaishia kwenye uwazi. Pima hivi: injini ikiwa inaunguruma taratibu, mtu apande azibe mdomo wa mkonga kwa kitu kipana, kipande cha mpira wa tairi kwa mfano. Injini inatakiwa ikabwe na kuzima. Ikiendelea kuunguruma kwa raha zake, basi inavuta hewa mahali pengine, na mahali hapo ndipo yatakapopita maji. Tazama pia chini ya kopo la chujio la hewa, pana kimdomo cha mpira cha kutolea vumbi. Kikipasuka ni mlango.

Maji yakiingia kwenye silinda hayakandamiziki kama hewa. Pistoni inayagonga kama inagonga ukuta, na koni rodi inapinda. Ndiyo maana gari likizimika mtoni mtu akakimbilia ufunguo, mimi hufumba macho. Usiwashe. Livutwe nje, zitolewe hita plagi, injini izungushwe bila kuwaka ili maji yaruke, ndipo ufikirie mengine. Na kabla ya yote hayo, mto unapitwa kwanza kwa miguu, na fimbo mkononi. Kama wewe umeogopa kuupita kwa miguu, gari nalo lina haki ya kuogopa. Nasikia mtu anasema, na mamba je? Penye mamba, ndugu yangu, geuza.

Huyu kijana wa Natron, hata hivyo, mto haukuwa taabu yake kubwa. Ukishateremka kutoka Mto wa Mbu kuelekea Engare Sero, unaingia nchi ya joto, ziwa lenyewe liko kwenye kimo cha mita 600 hivi, na udongo umechanganyika na majivu ya Ol Doinyo Lengai. Vumbi lake ni laini kama unga wa sembe. Linaingia kwenye mfuko wa shati, linaingia kwenye mayai yaliyochemshwa. Chujio la hewa linalosafishwa mjini mara moja kwa miezi mitatu, huko lifungue kila jioni. Ukilipuliza kwa upepo, puliza kutoka ndani kwenda nje, usilipigishe kwenye tairi kama mkung'uto wa zulia, karatasi yake inachanika na hutaiona. Chujio la dizeli nalo liwepo la akiba, kwa sababu mafuta ya vijijini yanakaa kwenye mapipa na madumu, na pipa linalokaa juani na baridi ya usiku linatengeneza maji lenyewe. Chini ya chujio pana nati ya kutolea hayo maji. Dereva aifahamu kabla ya giza.

Wanaokwenda upande wa nyasi ndefu, Katavi kwa mfano, baada ya mvua, wana adui mwingine. Mbegu za nyasi zinaziba rejeta, gari linachemka, mtu analaumu pampu ya maji. Wavu mwembamba ufungwe mbele ya rejeta, basi. Na nyasi kavu zikijikusanya juu ya ekzosi zinawaka. Magari yameteketea hivyo, dereva akiwa bado anajiuliza harufu ile inatoka wapi.

Lakini kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu jioni hii, ningesema upepo. Upepo wa tairi.

Kijana wangu alikuwa amejaza PSI 45 magurudumu yote manne, kwa kuwa fundi wa pancha alimwambia gari la safari linajazwa sana lisichomwe na mawe. Kwa lami, na mzigo, nyuma sawa. Kwa mchanga ni kujichimbia kaburi. Tairi gumu linasimama kwenye mchanga kwa ncha, kama kiatu cha kisigino kirefu ufukweni. Ukilipunguza hadi 20, au hata 18, linalala. Watu hudhani linatanuka ubavuni, kumbe huko ni kidogo tu. Hasa linarefuka, linakuwa na unyayo mkubwa kama wa ngamia, na ngamia hazami. Nimeona magari yaliyochimbuliwa saa mbili kwa majembe yakatoka yenyewe dakika kumi baada ya mtu mmoja kukumbuka kufungua vali. Kwenye mawe makali na barabara iliyojikunja kama bati punguza kidogo pia, fika 28 au 30, tairi limeze jiwe badala ya kulipiga kifua.

Yapo masharti. Ukiwa na upepo mdogo usikate kona kwa nguvu, mdomo wa tairi utabanduka kwenye rimu. Na ukifika barabara nzuri, usiseme nitajaza mbele. Tairi lenye upepo mdogo likikimbia linajikunja kila mzunguko, ubavu unapata moto, linapasuka. Kwa hiyo kompresa ndogo ya betri na geji ya upepo ya kuaminika ni vitu ambavyo ningevinunua kabla ya winchi, mara kumi. Winchi yenyewe inataka mti, na huko Natron kuna kilomita nyingi ambazo mti mkubwa kuliko wote ni Mmasai aliyesimama.

Tukiwa kwenye tairi, usome umri wake. Ubavuni, mwishoni mwa namba zinazoanza na herufi DOT, pana tarakimu nne ndani ya kijiduara. Zikiwa 2319, tairi lilizaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yenye meno mazuri yanawavutia wengi, kumbe mpira umeshakauka kama ngozi ya ngoma. La kijana lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Meno safi.

Mzigo, kwa haraka. Vitu vizito viwe chini na katikati: maji, betri, vyuma. Mtu anaweka madumu manne ya mafuta kwenye keria, halafu anashangaa gari linayumba kama limelewa. Na yale magari yetu ya watalii yaliyokatwa chesisi hapa Arusha yakarefushwa, yanabeba watu vizuri, nayasifu, lakini tumbo limekuwa refu. Tuta ambalo gari fupi linaliruka, refu linalikalia. Dereva aliyehamia gari refu ajifunze upya.

Nati. Barabara ya mabati inafungua nati kwa uvumilivu wa panya anayetafuna gunia. Yubolti za springi, shokapu, betri, keria, nati za magurudumu. Mimi nikishakaza nati huipiga mstari wa rangi nyeupe, unaopita juu ya nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Asubuhi nachungulia tu, mstari ukikatika nati imesogea. Na tukisimama kunywa maji nazunguka gari nikipapasa habu za magurudumu kwa kiganja. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, ama beringi inalia ama breki inashika. Abiria hudhani naliombea gari dua.

Kuna jambo ambalo sitalipitia haraka, kwa sababu linaua. Kukwamuana. Gari limenasa, gari jingine limekuja, wanatafuta pa kufungia, wanaona lile tufe la chuma la kukokotea trela, wanatundika kamba hapo. Tufe lile halikutengenezwa kwa mvuto wa ghafla. Likikatika linaruka kama risasi, na limeshaua watu, wengine ndani ya gari, likipita kiooni. Fungia kwenye ndoano au pete zilizoshikwa na chesisi yenyewe. Mnyororo hautanuki, unakatika kwa mshituko. Kamba ya nailoni ya kukwamulia inatanuka na kurudi, ndiyo nzuri, ila ikikatika inarudi na hasira yote iliyobeba. Tupa gunia au turubai zito katikati ya kamba liikandamize. Na watoto wa kijiji, ambao watakuwa wamekwishajipanga pande zote mbili wakishangilia, wasogezwe mbali, mara mbili ya urefu wa kamba. Mpaka wasogee, hakuna kuvuta. Ile jeki ndefu nayo nzuri, lakini mpini wake ukikuponyoka unavunja taya, na bila kipande cha ubao chini inazama yenyewe badala ya kuinua gari.

Jumatatu kijana alileta gari. Sina gereji siku hizi, nina kivuli cha mwembe na rafiki mwenye spana. Tukafungua difu ya mbele. Ikatoka chai ya maziwa, lita nzima na zaidi, na ndani yake vijiunga vya chuma vinavyometameta. Akanyamaza kwa muda. Akasema gari alilinunua kwa mtu aliyelivusha mto fulani kila siku kupeleka saruji. Tukabadilisha sili pande zote mbili, beringi tukazitia grisi upya, oili mpya mbele na nyuma, mipira ya kupumulia tukaipandisha bonetini. Hiki nilicho nacho hapa ndicho kilichobaki. Matairi akanunua mawili mapya, ya akiba yakawa yale mazuri kati ya ya zamani. Taa mbili kati ya sita aliziuza kwa jirani yangu pale pale, bei ya kutupa.

Kabla sijamaliza niwape kisa changu mwenyewe, msije mkadhani nilizaliwa najua. Miaka mingi nyuma, karibu na Ndutu, mwezi wa pili, mvua imenyesha usiku. Udongo wa pale ukilowa unashika gari kama deni. Nilizama asubuhi. Nikaweka foo wili, nikaweka gia ndogo, nikachimba, nikatandika mbao, nikawatumia wageni wangu, mwalimu mstaafu na mkewe, kusukuma. Saa moja na nusu. Magurudumu ya nyuma yanarusha matope, ya mbele yametulia kama yanatazama sinema. Mwalimu ndiye aliyeinama akauliza, kwa upole, kile kidude cha katikati ya gurudumu kilichoandikwa FREE kina kazi gani. Ni loki. Magari yale ya zamani yana loki za mbele za kuzungushwa kwa mkono, ushuke, uzigeuze ziende LOCK, kushoto na kulia, vinginevyo foo wili unayoiweka ndani ni ya nguzo ya gia peke yake. Nilikuwa dereva wa miaka sita. Tukatoka kwa dakika mbili.

Loki hizo zinataka pia zifungwe mara moja moja hata kama huendi porini, mwezi usipite, utembee kilomita kama 15 kwenye njia ya udongo na foo wili ikiwa imeshikana, ili oili ya difu ya mbele ifike kwenye meno na sili zisikauke. Isiwe kwenye lami kavu. Pale vyuma vinajinyonga vyenyewe.

Kijana aliondoka Ijumaa alfajiri. Jumamosi saa nane mchana simu ikaita, mtandao unakatika katika, upepo unavuma, na nyuma yake nasikia shemeji zake wakibishana.

"Mzee, shikamoo. Tumezama kwenye mchanga, kwenye korongo kabla ya kijiji. Upepo nimepunguza, ishirini, kama ulivyosema. Foo wili nimeweka. Nyuma kunazunguka, mbele hakuzunguki kabisa. Difu imekufa?"

Msikilizaji, hicho kisa cha Ndutu nimewapa ninyi jioni hii. Yeye sikumpa.

"Zima gari," nikamwambia. "Shuka. Uende kwenye gurudumu la mbele."